Nilivyomsaidia Mama Kupiga Kura

Kenya nilikuwa mwalimu wa historia, kabla sijaja huku Amerika kuwageuza wazee wa Kizungu vitandani. Nalisema hili mapema ili mtu asije akanitetea kwamba sikujua. Nilijua vizuri sana. Siku za kazi niko Eagan, jimbo la Minnesota, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na Jumamosi nilikuwa nafundisha darasa la uraia katika chumba cha chini cha kanisa letu. Wanafunzi karibu wote walikuwa Wakongo waliokaa miaka mingi kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, watu wa heshima zao, wengine wamenizidi umri. Wote waliniita Mwalimu. Kazini naitwa kwa jina la kwanza, tena likikosewa, kwa hiyo hilo neno Mwalimu lilinipanda kichwani vibaya.

Kati yao alikuwapo mama mmoja mjane wa mji wa Champlin, mfungaji wa maboksi ghalani, mwenye watoto wawili wanaoelewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza. Binti yake mkubwa alikuwa bado kambini. Familia ilipoitwa kwenye mahojiano, huyo binti alikuwa ameolewa, basi akafunguliwa kesi yake ya kuhamia Amerika peke yake. Mume akaja kutoroka, akamwachia mtoto mchanga, na kesi ikabaki inatambaa. Kila Jumamosi baada ya darasa mama alinipa simu nimsomee imefika wapi. Mahojiano yamekwisha. Ukaguzi wa usalama umepita. Bado vipimo vya hospitali. Nilikuwa namsomea kwa sauti ya hakimu, na yeye alikuwa ananishukuru kana kwamba mimi ndiye niliyempa.

Alifaulu mtihani kwa kukariri. Alijua majaji wa Mahakama ya Juu ni wangapi na bendera ina nyota ngapi. Yale maswali ya mtihani yana vita vya zamani, yana watu waliokufa zamani, wote safi. Ya juzi juzi hayamo, na mimi sikuyaongeza. Siku aliyokula kiapo alinipikia sombe, yale majani ya muhogo, na bugali, na nikala kama mtu aliyestahili.

Kisha ukaja uchaguzi, wa kwanza maishani mwake.

Hebu niseme upumbavu wangu bila kuupaka mafuta. Sisi Wakenya wa kanisa lile, manesi na wahasibu wenye nyumba za Apple Valley na gereji za magari mawili, tulikuwa tumeamua. Mgombea wetu alikuwa yule aliyewahi kutawala, akaondolewa, na sasa anataka kurudi. Tulisema anatetea Ukristo. Tulisema atanyoosha mpaka. Ukweli wenyewe ni kwamba tulifurahi kupata watu wa kuwadharau. Mtu ukiwa mweusi, mgeni, unayeosha makalio ya watu kwa mshahara, ni raha kubwa kusema "hao wanaoingia bila kupanga foleni" na Mzungu akatikisa kichwa kukubaliana nawe. Mimi nilikuwa naisema kila chai.

Na mara ya kwanza, alipotawala? Aliwafungia wakimbizi mlango wiki yake ya kwanza. Sisi tulikumbuka jambo hilo kama balaa la Waislamu, la Wasomali wa mjini, na nadhani kuna waliochekea kwenye vikombe. Lakini lilikuwa limewapiga Wakongo vilevile. Huyu mama mwenyewe aliwahi kunisimulia kwamba kesi yao ilisimama kambini muda mrefu bila kuambiwa sababu, na mume wake akafia kwenye hiyo subira, kwa presha. Aliponisimulia, mimi nilijua sababu. Nilihesabu miezi kichwani, ikaingiana. Nikaendelea na swali la majaji.

Huku sheria inamruhusu asiyesoma vizuri kuingia na mtu wa kumsaidia. Akanichagua mimi. Nilimpeleka hadi ukumbi wa shule karibu na kwake, na yule bibi wa mezani akanieleza kwamba kazi yangu ni kusoma na kuweka alama anapoambiwa, si kumshawishi. Nikasema naelewa. Ningesema hivyo hivyo hata mbele ya madhabahu.

Tukasimama kwenye kile kimeza chenye kuta za plastiki. Nikamsomea majina. Akashika kalamu, akasita kwenye jina la mgombea wetu, akainama sikioni kwangu.

"Mwalimu, huyu si njo ule alifungaka njia mara ya kwanza?"

Kumbe alijua. Hakuna aliyemfundisha, lakini alijua. Nilikuwa na sekunde moja ya kuwa mtu, na niliipoteza.

"Alifungia wengine, Mama," nikamwambia. "Si sisi. Sisi ni Wakristo."

Akakipaka wino kiduara cha jina lile polepole, ndani kabisa, bila kuvuka mstari, kama nilivyowafundisha.

Mengine yanajulikana. Aliyerudi alirudi, na siku ile ile ya kwanza akaufunga tena mlango, safari hii na kufuli. Alikuwa amesema atafanya hivyo, tena kwa sauti, tena amewahi kufanya. Hilo ndilo somo zima la historia ya juzi ya nchi hii, na mtoto wa darasa la nne angelielewa. Wakubwa ndio tunaosoma vitisho vya watu kisha tunajiambia jirani ndiye anayetajwa.

Binti alikuwa ameshapewa tarehe ya ndege. Alikuwa amegawa masufuria, amerudisha nyumba yake kwa wakuu wa kambi, amepanda basi la wasafiri na mtoto mgongoni. Wakarudishwa. Nyumba alikuta imepewa familia nyingine, na mpaka leo analala kwenye jiko la jirani.

Mimi nilifanya nini? Nilijificha. Nilisingizia zamu nikalifunga darasa. Kwenye nyama choma moja Apple Valley nikasikia mwenzetu akisema hao Wakongo hawatakufa, kambi wameizoea. Nilicheka. Sikulazimishwa na mtu, nilicheka kabisa na mfupa mkononi.

Mama alinipata mwishowe kanisani, nikipanga viti. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi. Alisema binti amempigia simu, amemuuliza kama huko Amerika wazazi wa watu walipiga kura, na yeye mama alimpigia nani. Alitaka nimwambie la kumjibu mtoto. Aliniuliza kama mwanafunzi, amesimama, mikono mbele.

Na mimi, mtu mzima ovyo, nikaona hapo ndipo pa kuponea. Nikamwambia asijitese. Nikamweleza kwa utaratibu wa ubaoni kwamba huku kura huhesabiwa jimbo kwa jimbo, na jimbo letu la Minnesota lilikwenda kwa mgombea mwingine, na kwa hiyo kura yake haikumsaidia yule mtu hata kidogo. Hata asingekwenda siku ile, yangekuwa yale yale. Nilijisikia vizuri nikilieleza. Nilidhani namtua mzigo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama ni kweli, nikasema ni kweli tupu.

"Basi, Mwalimu," akasema, "ulinifanya nimukatae mutoto wangu ya bure."