Punda wa Ukurasa wa Arobaini na Nane

Kama umewahi kusomewa hadithi na mtu anayejua kusoma, halafu akakuacha pale pale patamu, hutashangaa kwa nini watoto wa shule ile walimwita mkutubi wao Bi Ngoja. Kila Ijumaa, kipindi cha mwisho, darasa la tano lilijazana kwenye mkeka wa maktaba. Yeye alivaa miwani, akafungua kitabu, akaanza. Alikuwa na sauti ya hakimu, sauti ya mbuzi, sauti ya mama aliyechoshwa na watoto wake, na hii ya mwisho hakuhitaji kuigiza. Kisha mwizi akiwa juu ya bati, na bati linaanza kulia kwa uzito wake, Bi Ngoja alifunga kitabu, akavua miwani na kusema, "Ngoja."

Basi, imekwisha hiyo. Anayetaka kujua mwizi alifikia wapi aandike jina lake kwenye kadi, aazime kitabu, akasome mwenyewe. Watoto walinung'unika, wakamwita katili kwa sauti ya chini, kisha wakapigana vikumbo kwenye foleni. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kumsimulia mtu mwisho wa kitabu. Hata mwalimu mkuu aliwahi kuja kuomba kwa upole, mlango ukiwa umefungwa, akarudi ofisini mikono mitupu.

Maktaba yenyewe ilikuwa zamani stoo ya madawati. Ilikuwa na madirisha mawili, makabati matano, na meza ya kuazimia ambayo droo yake haikufunguka mpaka uipige goti. Msimu wa mvua uliopita bati lilivuja na vitabu kumi na vinne vikalowa chapachapa. Mwingine angevitupa. Bi Ngoja alivibeba nyumbani, akafumua nyuzi, akaanika karatasi kwenye kamba kama nguo za mtoto mchanga, akazikandamiza kwa matofali, kisha akashona kila kitabu upya kwa sindano nene na uzi uliopakwa nta. Majalada aliyabandika kwa gundi ya unga aliyoipika mwenyewe jikoni, kwenye sufuria ambayo mumewe bado anaidai. Wageni wakija shuleni, mwalimu mkuu aliwaonyesha vile vitabu, akisema ni kazi ya mkono wa mkutubi wetu. Bi Ngoja aliinamisha uso, lakini kichwa kilimvimba kidogo. Tusimsingizie utakatifu.

Kimoja kati ya hivyo kilikuwa kitabu cha punda. Msichana fulani anaamka asubuhi anakuta punda wa baba yake hayupo, anaanza kumtafuta mtaa kwa mtaa, na kila anayemuuliza anamwelekeza kwingine. Kitabu chembamba, kurasa sitini na nne tu, chenye picha ya punda kwenye jalada. Siku Bi Ngoja alipokisoma, alikifunga pale punda, huko alikopotelea, anapotafuna kamba yake na kubakiza uzi mmoja. Hapo ndipo alipompata Kidole.

Kidole alikuwa msichana wa darasa hilohilo la tano, alilokuwa akilirudia. Alisoma kwa kufuatisha kila neno kwa kidole cha shahada huku midomo ikichezacheza, na wenzake, ambao hawana dogo, wakambandika jina hilo. Aliliitikia bila kununa na bila kucheka. Mwaka mzima wa Ijumaa hakuwahi kusimama kwenye foleni. Jumatatu moja, foleni ya kitabu cha punda ilipokwisha, saa ya mapumziko, alichungulia mlangoni, akahakikisha hamna mtu, akaingia. Kwenye kadi ya kitabu kulikuwa na majina kumi na moja tangu kishonwe upya. Akaandika la kumi na mbili, taratibu, kama mtu anayetia saini mkataba.

Kwa wiki tatu alikuja kila mapumziko, akakaa nyuma ya kabati la mwisho juu ya kreti lililopinduliwa. Bi Ngoja alijifanya anapanga kadi, lakini masikio yote yalikuwa kule nyuma, kwenye mnong'ono uliojikwaa, ukarudi, ukaendelea. Siku moja ule mnong'ono ukakatika, kikasikika kicheko kidogo. Mtoto alikuwa peke yake na kitabu, na kitabu kilikuwa kimemchekesha. Bi Ngoja alifurahi hadi akampigia mwalimu wa hesabu, aliyekuja kuazima kitabu, muhuri wa tarehe ya mwaka uliopita.

Basi Kidole akamaliza. Alikuja na kitabu, akakiweka mezani.

"Haya, kizuri?" Bi Ngoja aliuliza, kama alivyowauliza wote.

"Sikuelewa mwisho, mwalimu."

"Soma tena polepole, mwanangu. Ukituliza akili utaelewa."

Kidole alikirudisha kifuani, akaenda. Baada ya siku mbili alikuja tena na jibu lilelile.

"Hukurukaruka mahali?" Bi Ngoja aliuliza.

"Sikuruka."

"Jaribu kuanzia ukurasa wa arobaini. Fuatilia vizuri."

Mara ya tatu hakungoja kuulizwa. Aliweka kitabu mezani, na juu yake akaweka kadi yake ya maktaba.

"Maneno nayajua yote, mwalimu, lakini hayaingii. Niliwauliza waliokisoma, wakasema mbona ni kizuri sana, wakanicheka. Nadhani mimi si mtu wa vitabu. Asante kwa kunivumilia."

Hakulia wala hakukasirika. Angekasirika ingekuwa afadhali. Alitoka akafunga mlango vizuri, na Bi Ngoja akabaki ameshika tama, kadi ya mtoto ikiwa mbele yake. Mwishowe aliipiga droo goti, akaiweka ndani.

Jumamosi asubuhi alikaa barazani na kile kitabu. Mumewe, fundi baiskeli mwenye maneno mengi kuliko spoki, alikuwa amepindua gurudumu akilinyoosha. Bi Ngoja alitaka kujua ni neno gani gumu lililomkwamisha mtoto, amtafutie njia ya kumwelezea. Akasoma tangu mwanzo. Kitabu kilikuwa chepesi, kinateleza. Akafika ukurasa wa arobaini na nane, msichana amefika kwenye zizi la mwisho mjini, na chini kabisa mwa ukurasa sentensi ikasema: msichana alisukuma lango, akachungulia ndani, akaona. Akafunua ukurasa wa arobaini na tisa, na sentensi ikaendelea: mshale mkubwa wa saa umekwama, na mji wote haujui kama ni asubuhi au jioni.

Alirudi nyuma. Akasoma tena. Akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa.

"Mama yangu," alisema.

"Nini tena?" mumewe akauliza.

"Hii saa si ya hapa."

Ilikuwa ya kitabu kingine, cha fundi aliyepanda mnara kutengeneza saa ya mji. Vitabu viwili vya mfululizo mmoja, ukubwa mmoja, karatasi moja, kurasa idadi moja. Kila kimoja kina vibunda vinne vya karatasi, kila kibunda kurasa kumi na sita, na juu ya kurasa hakuna jina la kitabu, namba tu. Kwenye kamba ya nguo vilianikwa jirani. Bi Ngoja, fundi wa kuonyeshwa wageni, alikuwa ameshona kibunda cha mwisho cha saa kwenye punda, na cha punda kwenye saa. Kitabu cha saa kilikuwa na jalada la kijivu lisilovutia hata nzi, hakuna aliyekiazima tangu mvua, kwa hiyo hakuna aliyelalamika.

Mumewe alisikiliza maelezo yote, akaanza kutetemeka mabega. Alicheka hadi akaweka spana chini.

"Sasa wale kumi na mmoja?" alisema. "Si uliniambia wote walisema kizuri?"

Bi Ngoja alifungua mfuko wa jalada, akatoa kadi. Majina kumi na moja, la kwanza likiwa la kiranja wa darasa mwenyewe. Wote aliwauliza, na kila mmoja alimtazama machoni akajibu, kizuri sana mwalimu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza punda alienda wapi. Mtoto pekee aliyefika pale na kusimama akashangaa, kama msomaji yeyote mwenye akili zake anavyopaswa kushangaa, ndiye aliyeambiwa atulize akili. Tena na mkutubi mwenyewe, mara mbili. Bi Ngoja aliona aibu hadi masikio yakawaka.

Alichukua mkasi. Kufumua na kubadilisha vibunda ni kazi ya nusu saa.

"Nikishona sasa hivi," alisema, "hakuna atakayejua."

"Na yule binti?"

"Yule atajiona mjinga mpaka azeeke."

Mumewe alirudi kwenye gurudumu lake. Bi Ngoja aliurudisha mkasi kwenye kikapu.

Jumatatu alimvizia Kidole kwenye korido.

"Binti, kuhusu kile kitabu cha punda—"

"Kilikuwa kizuri, mwalimu," Kidole alisema haraka, akampa kisogo, akapotelea kwenye msururu wa wenzake.

Maneno yaleyale ya wale kumi na mmoja, na sauti ileile waliyotumia. Wiki moja tu na mtoto alikuwa ameshajifunza kudanganya ili asichekwe. Bi Ngoja alisimama pale, wanafunzi wakimpita kushoto na kulia. Angeweza kumwita ofisini, amwonyeshe nyuzi, amweleze pembeni. Lakini pembeni mtoto angedhani anabembelezwa. Aliaibika mbele ya wenzake, na aibu ya namna hiyo haiondolewi kwa siri. Basi ikabidi akubali kwamba yeye naye ataaibika hadharani, na hilo, nakuambia, halikumpendeza hata kidogo.

Ijumaa ikafika. Darasa likakaa mkekani, Kidole akakaa mwisho kabisa, karibu na mlango, magoti yamekumbatiwa. Bi Ngoja aliinua kitabu cha punda. Watoto wakaguna.

"Mwalimu, hicho ulishasoma," kiranja akasema.

"Leo nasoma mwisho."

Minong'ono ikazimika kama taa. Bi Ngoja kusoma mwisho? Alianzia ukurasa wa arobaini na saba, kwa sauti zote, bila haraka. Akafika kwenye zizi, akasukuma lango, akachungulia, akafunua ukurasa, na bila kupepesa jicho akaendelea na mshale wa saa uliokwama. Akasoma fundi anapanda mnara. Akasoma kurasa tatu nzima za mnara. Watoto waliitikia kwa vichwa, kwa adabu. Akashusha kitabu.

"Kuna mwenye swali?"

Kiranja, mtoto wa kutegemewa, akanyoosha mkono.

"Ni kizuri sana, mwalimu. Kinatufundisha umuhimu wa muda."

"Ahsante. Mwingine?"

Mikono ikabaki mapajani. Bi Ngoja hakumtazama Kidole. Alijilazimisha kutazama dirisha, maana kama mtoto asingesema hapo, asingesema tena. Alihesabu vioo vya dirisha, vyote kumi na viwili, akaanza upya.

"Punda yuko wapi?"

Sauti ilitoka mlangoni, ndogo. Vichwa vyote vikageuka.

"Umesemaje, mwanangu? Sema tusikie."

Kidole aliachia magoti. "Msichana anamtafuta punda. Ametafuta kitabu kizima. Amefungua zizi aone kama yumo, halafu ni habari za saa. Punda yuko wapi?"

Hapo ndipo Bi Ngoja alipovua miwani.

"Punda nimempoteza mimi," alisema.

Akawaeleza yote: mvua, kamba ya nguo, vibunda, uzi. Akainua kitabu cha saa, akawaonyesha. Wakacheka mwanzoni, kisha wakanyamaza, kwa sababu alikuwa amepita katikati yao hadi mlangoni na kuchuchumaa mbele ya Kidole, magoti yakilia.

"Uliniambia huelewi, nikakuambia usome polepole. Nilikuambia mara mbili. Wewe ulisoma sawasawa. Kitabu ndicho kilichokosewa, na aliyekosea ni mimi. Nisamehe."

Wale watoto hawakuwahi kumsikia mwalimu akiomba msamaha kwa mwanafunzi. Hawakujua watazame wapi. Bi Ngoja akainuka, akatoa kadi mfukoni.

"Hapa kuna majina kumi na mawili. Aliyesoma hadi mwisho ni mmoja. Na msidhani nawacheka ninyi tu, maana hata mimi nilikishona bila kukisoma."

Kiranja aliona kitu cha maana sana kwenye mkeka, akakitazama.

Bi Ngoja alimpa Kidole mkasi. Mtoto akakata uzi mwenyewe, mshono mmoja baada ya mwingine, kitabu cha punda kwanza, kisha cha saa. Mkutubi akatoa kibunda cha mwisho cha punda, karatasi kavu zilizojikunja kidogo pembeni, akakiweka mikononi mwake pamoja na ile kadi ya maktaba aliyokuwa ameirudisha.

"Hakuna mtoto wa shule hii aliyesoma kurasa hizi tangu mvua," alisema. "Wewe ndiye wa kwanza."

Kidole alitazama kule nyuma ya kabati, kwenye kreti lake. Kisha akakaa palepale alipokuwa, kati ya wenzake, akaweka kidole cha shahada chini ya neno la kwanza, midomo ikaanza kuchezacheza. Hakuna aliyecheka. Kengele ya kwenda nyumbani ililia na hakuna aliyeinuka. Akafunua ukurasa, akafunua mwingine. Katikati ya wa tatu akatabasamu, kisha akacheka peke yake, kile kicheko cha siku ile. Bi Ngoja ikabidi ageuke, atafute kitu cha kupanga kwenye kabati, macho yakiwa yamemlowa.

Darasa zima lilikuwa limemsogelea Kidole, shingo zimenyooshwa, na kiranja ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

"Amepatikana?" alinong'ona. "Tuambie. Punda amepatikana?"

Kidole hakuinua macho, wala kidole chake hakikutoka kwenye mstari.

"Ngoja," alisema.