Sauti Zilizokatwa Vipande

Fuu, fuu. Katibu wa klabu alikuwa anapuliza kipaza sauti uani kwetu Gasorwe, na kila akipuliza kuku walitimka kwenda nyuma ya nyumba. Sauti ile bado naisikia, kavu, kama ya mtu anayepuliza jivu lenye moto. Mama alicheka mpaka kifua kikamkamata. Akakohoa, akakaa chini.

Mimi si mwanafunzi. Shule niliiachia kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, kidato cha pili, tuliporudi Burundi. Pale chuoni Gitega nilikuwa nafagia madarasa na kuwachemshia chai vijana wa klabu ya sayansi ya data, wale wanaoifundisha kompyuta kwa kuilisha habari nyingi. Wengi walifuata chai tu. Walioibeba klabu walikuwa wawili: rais, mtoto wa fundi cherehani wa Muyinga mjini, mwenye maneno mengi na shati moja zuri, na katibu, binti wa mwalimu wa Mushasha, ambaye hata sukari aliiangalia mara mbili kabla ya kuitia kikombeni. Mimi nilikuwa nasimama mlangoni na ufagio wangu, nasikiliza, naota. Kuota sikutozwa ada.

Mwaka ule walikuwa wanakusanya sauti za watu. Rais alisema simu inaelewa Kiswahili cha redioni, lakini cha kwetu haiambulii kitu.

"Mi nikiiuliza kama iko mvua, inaniletea habari za mpira," alilalamika.

Nikajikuta nimesema kwamba kwetu Gasorwe kuna wanawake wanaoongea kutwa, na mama yangu ndiye kamanda wao. Wakacheka. Wiki iliyofuata tukawa njiani.

Wanawake walikuja, ila walikaa wamefunika midomo kwa vitenge. Kwetu mgeni akiandika jina lako kwenye karatasi, usingizi unakukimbia. Jirani yetu, aliyelala porini pamoja na mama ule mwaka wa kukimbia vita, alikataa katakata. Basi nikasimama mimi, mfagiaji, nikawawekea wale viongozi masharti mbele ya watu. Majina yasiandikwe. Sauti zikatwe vipande vifupi na kuchanganywa, na zile ndefu za mwanzo zifutwe. Kisitoke kipande hata kimoja kwenda kwenye simu ya mtu. Katibu aliweka mkono kifuani, akakubali. Jirani hakumtazama yeye, alinitazama mimi.

"Na wewe unaapa?"

"Naapa, mama."

Akashusha kitenge. Wakaongea mpaka jua likageuka: shamba, soko, waume zao. Mama alipenda sana kipaza sauti kile. Zamu yake ilipokwisha alibaki palepale pembeni, akiwapa wenzake moyo na kuwaharibia kazi.

Mvua zilipoanza, kifua kilimshinda. Nilipigiwa simu nikiwa Gitega, na nilipofika Gasorwe walikuwa wameshamzika. Nilirudi na kitenge chake na picha moja. Picha haisemi. Baada ya majuma machache kitu cha ajabu kilinipata: maneno ya mama niliyakumbuka yote, ila yalikuwa yananijia kwa sauti yangu mwenyewe. Nilijaribu jikoni, nikiwa nakoroga chai, kumwita aseme hata "mwanangu". Nilisikia sauti yangu tu.

Nikamwendea katibu. Nilijua jibu, lakini nilienda.

"Bon, dada, haiko tena," alisema polepole. "Tulifuta zote ndefu. Wewe ndiye ulituapisha."

Rais akauliza je, vile vipande? Katibu akanieleza kwamba vipande vyenye kikohozi kompyuta iliviondoa mwanzoni kabisa, maana kikohozi kinahesabiwa uchafu. Neno lile lilipomtoka alijishika mdomo. Sikumkasirikia. Ni kazi yake, na mama alikohoa kweli karibu kila sentensi. Siku ile rais hakutania. Alikwenda kuchemsha chai mwenyewe, akaniletea, na ilikuwa chai mbaya sana. Niliinywa yote.

Kilichobaki ni maelfu ya vipande vilivyohitaji mtu wa kuvisikiliza kimoja kimoja. Katibu alinipa kiti chake na vile vidude vya masikioni. Kipande kikiwa safi, ubonyeze kijani. Kikiwa na mbuzi, pikipiki, au mtu wa pili anayeongea, ubonyeze nyekundu, nacho kitafutwa. Ukishabonyeza hukioni tena. Cha kijani kinaingia kwenye rundo la kuifundishia mashine, ambalo mimi sina ufunguo wake. Aliniambia nisitegemee kitu. Nilimwambia sitegemei, nikavivaa vile vidude upesi.

Nilisikiliza siku tatu baada ya kufagia. Watu wote wa kilima chetu walipita masikioni mwangu bila majina, nami niliwajua wote. Nilibonyeza kwa haki. Hata shangazi yangu mwenyewe nilimpa nyekundu kwa ajili ya jogoo.

Siku ya tatu viongozi wangu walikuwa kwenye mtihani, chumba kitupu. Ikaja sauti ya jirani, ya uoga, kama anaitwa na mwalimu: "Maharage yamepanda bei sokoni." Halafu nyuma yake, karibu kabisa:

"Sema na chumvi, we mama, usiogope."

Mama. Hakukohoa. Hata pumzi haikukwama. Alikuwa na kicheko kidogo mwishoni, kile ambacho nilikuwa nimeshakisahau kabisa.

Nilirudia. Nikarudia tena. Simu yangu ilikuwa mfukoni, na ilitosha kuisogeza sikioni na kuwasha kinasa sauti. Niliitoa. Lakini sauti ya mbele haikuwa ya mama, ilikuwa ya jirani, aliyeshusha kitenge kwa sababu yangu. Nikairudisha mfukoni.

Sauti mbili ni nyekundu, hiyo nilifundishwa vizuri, na sikuwahi kukosea hata mara moja.

Nikamsikiliza mama mara moja ya mwisho, kisha nikabonyeza kijani.