Mtoki wa Kwapani

Maharage makavu yaliyochanganywa na majivu yana harufu yake, kavu, ya kukereketa pua. Mwaka jana niliingia duka la nafaka mjini Kasulu, muuzaji akafungua gunia mbele yangu, na kabla sijamwambia ninataka nini nikajikuta nina miaka tisa, nimeketi juu ya mkeka katika stoo ya nyumbani kwetu Titye, natazama mlango uliokomewa kwa nje.

Nilikaa humo wiki tano. Acha niwaeleze ilivyokuwa.

Ilikuwa miaka ya tisini, malori ya wakimbizi yakipita barabarani na kila mtu akizungumzia magonjwa. Nyumbani tulikuwa wanne: Mama, Bibi mzaa baba, mdogo wangu Eliya aliyekuwa bado ananyonya, na mimi Godeliva, ambaye wote walinikata jina wakaniita Gode. Baba alikuwa mwalimu huko Kumsenga, Kibondo, akija nyumbani mara moja kwa mwezi kwa lori lolote lililokubali kumpakia.

Tulikuwa na paka jike aitwaye Kayabu. Bibi alizaliwa Burundi, na kwao paka huitwa hivyo, kwa hiyo mnyama wetu jina lake lilikuwa Paka tu, ila kwa lugha ya heshima. Kazi yake ilikuwa kulinda stoo dhidi ya panya. Bibi alikuwa ameshatoa amri kwamba akizaa tena, watoto wakatupwe mtoni.

"Nyumba hii ina midomo ya kutosha," alisema.

Kayabu akazaa watatu, nyuma ya magunia. Mimi nikamwambia Bibi kwamba paka amehamia kwa jirani. Ulikuwa uongo wangu wa kwanza mkubwa, na ulivyonitoka kirahisi nilishangaa mwenyewe.

Kila nikitoka shule nilijipenyeza stoo. Wale watoto walijaa viroboto, nami niliwatoa mmoja mmoja na kuwaponda kati ya kucha za vidole gumba, nikisikiliza kile kimlio kidogo kwa furaha ya muuaji. Mmoja mwenye doa jeupe shingoni hakuipenda kazi hiyo. Siku moja alinikwaruza mgongo wa mkono, mstari mrefu. Nikafuta damu kwenye sketi, nikaendelea.

Baada ya siku kadhaa kikatokea kipele palepale. Ikaja homa. Kisha kwapani nikaota mtoki, kwanza kama punje ya harage, baadaye kama yai la kuku. Sikuweza kushusha mkono; nilitembea nimeuinua pembeni kama jogoo anayetafuta ugomvi. Zahanati walinichoma sindano siku tano. Mtoki ulikaa. Chakula kikanishinda, mashavu yakaingia ndani, na watoto wa shuleni wakaanza kunihesabu mbavu.

Ndipo siku moja, baada ya ibada ya Jumapili, Bibi alirudi akiwa amekaza midomo. Hakutuambia alichosikia huko. Alikwenda moja kwa moja stoo, akafagia, akatandika mkeka.

"Utakaa humu mpaka upone," akaniambia. "Usitoke. Watu wasikuone."

"Bibi, nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu, mwana wanje, mwanangu. Ingia."

Akavuta komeo.

Stoo ile ilikuwa na dirisha moja, ukubwa wa daftari. Asubuhi nilisikia watu wakipita na kusalimiana "Mwakeye", kisha sauti zao zinashuka wakifika usawa wa uzio wetu. Saa za jioni nilisikia wenzangu wakicheza rede, nikajua kwa kelele tu nani kapigwa na mpira. Joto la mchana lilishuka kutoka kwenye bati na kunikalia kifuani. Nilihesabu magunia: kumi na moja. Niliyahesabu mpaka nikayapa majina ya wanakijiji, kufuatana na vitambi.

Lakini nilikuwa na paka wangu. Kayabu aliingia na kutoka kwa kitundu chini ya ukuta, na nilimwonea wivu kwa hilo. Watoto wake walilala juu ya tumbo langu. Nilipokuwa na homa walinipa joto, na nilipolia walinilamba machozi kwa ndimi zao za msasa. Viroboto wakanihamia. Mama alipofungua mlango kuniletea uji, niliwasukuma haraka nyuma ya magunia na kukaa mbele yao.

Mama hakuwa akiondoka upesi. Alifunga mlango, kisha akaketi nje, mgongo wake ukiegemea mbao, na Eliya mapajani. Sikuona ajabu yoyote kwamba hakuwa tena akienda kisimani na wanawake wengine, wala kwamba hakuna aliyekuja kuazima kinu.

Mwisho wa mwezi Baba alikuja. Hakuja stoo kwanza. Nilisikia sauti yake uani, ya chini, ngumu.

"Mama Gode, niambie ukweli."

"Ukweli upi, Baba Gode? Nimeshakueleza."

"Kijiji kizima kinasema. Niambie mimi."

"Sina la kuongeza. Kama huniamini, tupeleke wote hospitali."

Nilijua wanazungumzia paka. Uongo wangu ulikuwa umefika hadi Kumsenga. Nikawahamisha wale watoto watatu hadi pembe ya ndani kabisa na kuwafunika kwa gunia tupu.

Kesho yake tulipakiwa juu ya lori la maharage kwenda Kasulu. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuona jua lote baada ya wiki tano, na macho yaliniuma. Hospitalini walinitoa damu. Kisha muuguzi akamfunga Mama mpira mkononi, naye wakamtoa. Nikajiuliza kwa nini wamtoe Mama damu wakati mtoki ni wangu. Baba alikuwa amesimama dirishani, ametupa mgongo.

Daktari alikuwa mama mtu mzima aliyevaa kandambili. Alinibonyeza kwapa, akageuza mkono wangu, akaufuata ule mstari kwa kidole.

"Nani kakukwaruza?"

"Miiba."

Akainua gauni langu, akatazama vidonda vidogo vidogo kiunoni.

"Na hivi navyo ni miiba?" Akavuta kigoda, akaketi mbele yangu. "Sikia, mwanangu. Nisipojua kilichokupata, nitadhani ni kifua kikuu cha mitoki. Utakaa wodini miezi miwili, sindano kila siku."

Miezi miwili. Nikaiona stoo nyingine, yenye vitanda. Nikaanza kulia, na paka wote wakanitoka mdomoni: Kayabu, watoto wake, doa jeupe, mto, viroboto.

Daktari aliangua kicheko, kisha akaacha ghafla na kumtazama Baba.

"Mwalimu, njoo usikie. Viroboto wanabeba vijidudu. Kinyesi chao kinagandia kwenye kucha za paka. Akimkwaruza mtoto, vinaingia. Mtoki unaota upande uleule. Nimeshauona."

Alivuta usaha kwa sindano, akanipa vidonge, akaamuru paka waogeshwe na blanketi zichemshwe. Majibu ya damu yalipotoka siku ya tatu, Mama aliisoma karatasi, akampa Baba. Baba aliisoma, akaikunja, akashindwa kuinua uso. Mtoki wangu ulikwisha ndani ya mwezi. Mama na Baba walichukua muda mrefu zaidi.

Nilikuwa na mimba ya kwanza nilipoelewa. Kliniki, muuguzi alinifunga mpira mkononi na kusema tunapima virusi vya UKIMWI, na nikauona mkono wa Mama. Mtoto aliyekonda, mitoki, mume anayefanya kazi mbali: miaka ile watu hawakuhitaji kuambiwa zaidi. Bibi hakunificha mimi kwa sababu ya ugonjwa. Aliificha nyumba yake isionekane. Na mimi nilikuwa nimelikalia jibu, nyuma ya magunia, wakati kijiji kikimhukumu mama yangu.

Nilikwenda Titye kumwomba Mama radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wale paka nilijua wapo," akasema. "Niliwasikia wakilia kila siku pale mlangoni."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ulikuwa peke yako humo ndani. Niliogopa Bibi yako asije akakunyang'anya."