Ubao wa Mashine ya Kusaga

Fundi wa mashine ya kijiji alikuwa mchache wa maneno. Ukimsalimia, aliitikia huku ameshachota punje kwenye kapu lako, akaing'ata moja na kuitegea sikio. Kisha kidole chake kilichokatika ncha kiliteremka juu ya ubao alioupaka rangi mwenyewe: kama nafaka mbichi, legeza jiwe; kama kavu, kaza. Aliusoma kila kapu lilipokuja, kana kwamba umeandikwa na mkubwa wake.

Siku alipoitwa mjini Lindi, mashine alimwachia Salumu wa stoo. Kidawa alifika na mtama wake akiwa na wasiwasi, maana mama yake alikuwa ametoka kwenye homa, na uji wenye chenga ulikuwa unamkwama kooni.

"Kaka Salumu, utaweza kuulainisha?"

"Mimi sijui kitu, dada. Nafuata ubao."

Kidole cha Salumu kilishuka mpaka mstari wa chini kabisa, kikasimama. Kidawa, aliyekuwa amehitimu kisomo cha watu wazima mwezi ule tu, akasogea akausoma silabi kwa silabi: kama ni mtama wa Kidawa, kaza jiwe, saga mara mbili, mama yake hana meno.

Hakuwahi kumwomba fundi.

Fundi aliporudi, Kidawa alimfuata na kapu jingine.

"Shikamoo, fundi. Mama amemaliza bakuli zima. Ahsante."

"Marahaba," akasema, akang'ata punje. "Huu umekauka." Na kidole kikashuka moja kwa moja hadi mstari wa chini.