Mkono wa Kushoto wa Mjukuu Wangu

Mjukuu wangu wa kike alizaliwa akachelewa kulia. Miezi ikapita, mkono wake wa kushoto umekunja ngumi, hauokoti kitu. Kule Musoma daktari wa mazoezi ya viungo, binti tu, akanieleza taratibu. Alisema seli za ubongo zikianza, mtoto akiwa bado tumboni, zinafanana zote, hazijui kazi. Halafu zinahama, kila moja inatafuta mahali pake, na ikifika inatoa matawi na kushikana na nyingine. Safari hiyo wa kwetu ameshaimaliza, ila matawi bado yanaota. Linalotumika linaimarika, lisilotumika linanyauka.

"Kwa hiyo bibi, kila siku mfunge mkono wa kulia kidogo, wa kushoto utafute kazi. Usisubiri akue."

Nilielewa. Mche wa nyanya ukiuchelewesha kitaluni, utakuja kuulaumu bure.

Nyumbani Murangi nikawa namvika soksi mkono wa kulia, naufunga na kipande cha kanga, chakula naweka kushoto. Analia mpaka sauti inakauka. Sifungui.

Siku moja mama yake yuko mnadani Bunda, akaingia mkwe wangu kutoka Butiama, bibi wa upande wa mama. Akaona soksi.

"Mkwe! Unamfundisha mtoto kula kwa kushoto? Kwetu angechapwa vidole."

"Hata mimi nilikuwaga nachapa. Huyu hachapwi."

"Kesho anipe maji kwa mkono huo mbele za watu?"

"Akikupa maji kwa mkono huo, nachinja mbuzi."

Hakucheka. Akapiga goti, akaanza kufungua kanga. Nikamkamata mkono. Mkwe hakamatwi mkono, najua. Nilimkamata.

"Niachie."

"Ukifungua unamnyima mkono."

Tukabaki hivyo, watu wazima wawili, mtoto katikati anapiga kelele.

Kelele zikakatika. Tukatazama chini. Ile ngumi imefunguka nusu, vidole vinatambaa kwenye sahani ya viazi vitamu. Vikateleza. Vikarudi. Vikakwaruza kipande, vikakishika, vikakinyanyua kidogo. Mdomoni hakikufika, kilimwangukia kifuani.

Mkwe wangu akaiacha kanga. Akakiokota kile kipande, akakiweka karibu na vile vidole.

"Haya mama, shika tena."

Mkwe alimpa kwa kushoto. Wa kulia nilikuwa bado nimeukamata.