Pete ya Mama Wanjiku Bwawani

Mwanangu, kuna Jumapili moja, mwanzoni mwa miaka ya sabini, ambayo huikumbuka kila nionapo maji yaliyotulia. Kanisa letu la Riruta lilikuwa likibatiza katika bwawa la shamba la muumini mmoja, nami nikiwa kijana nilipewa kazi ya kusimama majini na kuwashika mikono waliokuwa wakiinuka. Mama Wanjiku, mjane mzee, alipoinuka nilimvuta kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Nikahisi pete yake ya ndoa ikiteleza kiganjani mwangu, ikazama.

Nikageuka kumshika mkono aliyefuata.

Wiki ile nilimsikia akimwuliza mchungaji kwa sauti ya chini, "Mume wangu alikufa bila kubatizwa. Je, Mungu amenivua pete ili nimwache kabisa?" Mchungaji alimfariji, lakini uso wa mama yule haukubadilika. Nami niliyekuwa na jibu nilitazama viatu vyangu.

Nikaamua kuitafuta kabla mvua ya masika haijaifunika kwa tope. Nilipapasa kwa mikono siku mbili bila kupata kitu. Ndipo nikapanda baiskeli hadi mjini, nyuma ya River Road, kwa Mzee Abdalla, mtu wa Mombasa aliyeuza redio na mitambo iliyokwisha kutumika. Alikuwa na mashine mbili za kutambua metali, zile zinazolia sahani zake zikipita juu ya chuma au dhahabu.

"Watafuta nini, mwanangu?"

Niliona haya. "Hazina, mzee. Ndani ya maji."

"Hazina, Riruta?" Alicheka hadi kofia ikasogea. "Na meli yenyewe ilizama wapi, Kangemi?"

Nilinunua ile kubwa, yenye sahani pana kama sinia la pilau na vitufe vya kung'aa. Ndogo niliidharau, ingawa bei yake ilikuwa nafuu. Sikuuliza lolote, maana niliogopa nikiuliza, naye ataniuliza.

Bwawani ililia mara mbili: ndoo iliyooza, kisha jembe lisilo na mpini. Nilipoinama kulitoa jembe, kisanduku chake cha betri na vitufe kikaingia maji, kikanyamaza moja kwa moja.

Nilirudi kwa Mzee Abdalla nikiwa nimenyong'onyea, nikamweleza yote: pete, mjane, mkono wangu. Safari hii hakucheka.

"Ungenambia pete, ningekupa ndogo. Sahani pana huona vitu vikubwa, pete yaipita tu. Na ile haikuundwa kwa maji. Hukuuliza, nami sikukuonya, nilidhani ni mchezo wa vijana. Tumekosa sote."

Akajaza karai maji na udongo, akavua pete yake ya fedha, akaitumbukiza. Akanipa ile mashine ndogo, akanivalisha vifaa vya kusikilizia masikioni. "Zamisha sahani. Hii imezibwa, maji hayaingii. Kisanduku kining'inize shingoni, kisilowe." Nikazungusha polepole, na katika lile tope ambamo sikuona kitu, ikanijia sauti nyembamba kama ya mdudu.

Baiskeli yangu ikabaki dukani mwake kuwa malipo ya ile ndogo, nami nikarudi Riruta kwa miguu, mashine begani.

Sikwenda bwawani moja kwa moja. Nilipita kwa Mama Wanjiku. "Mama, si Mungu aliyekuvua pete. Ni mkono wangu."

"Kumbe ni wewe. Na mimi nimemnung'unikia Mungu siku zote hizi." Akachukua leso yake. "Twende basi. Nitakushikia viatu."

Bwawani tulipata vifuniko viwili vya soda na msumari. Kisha, karibu na pale nilipokuwa nimesimama Jumapili ile, ikaja sauti ndogo, safi, isiyotetereka. Nilikuwa karibu kuinama, Mama Wanjiku akasema, "Ngoja. Nipe nami nisikie."

Aliingia majini na nguo zake, nikamvalisha vile vifaa masikioni. Aliinamisha kichwa kusikiliza, maji yakimfika magotini. "Iko chini ya matope yote haya," alisema, "na bado inasikika." Machozi yalimtoka. "Basi na mzee wangu, huko aliko, Mungu anamsikia."

Nikaingiza mkono, nikaitoa. Aliivaa mwenyewe.

Mwanangu, nawe ukitaka kununua mashine kama ile, usidanganywe na ukubwa wala kung'aa. Mwambie muuzaji unatafuta kitu gani, katika maji ya kina gani, mchanga au tope. Uliza ni sehemu ipi ya mashine inayoweza kulowa na ipi isiyoweza. Ijaribu mbele yake, ndani ya maji, kwa kitu kinachofanana na kile ulichopoteza. Huenda inayokufaa ndiyo ya bei ndogo. Lakini hayo yote hayatakusaidia ukiona haya kusema ulichopoteza na jinsi ulivyokipoteza. Mimi aibu iliniponza mara mbili, kwa muuzaji na kwa mjane, nami namshukuru Mungu kwamba mvua ilinisubiri.

Yeye asikiaye kilicho chini ya tope akusikie nawe, mwanangu. Akupe ulimi wa kukiri mapema, na akurudishie kilichoteleza mkononi mwako. Amina.