Thabai na Tembe za Mama

Nianze kwa kuomba radhi. Shule niliiachia darasa la nane, na mwandiko wangu huinama kama ua la zizi lililosukumwa na ng'ombe. Ukikuta herufi zimekosewa, soma tu uendelee. Naandika polepole, lakini kuongea mbele ya watu kunanishinda kabisa, ndiyo sababu nimechukua kalamu.

Tunaishi nje kidogo ya Mweiga, mama na mimi, na ng'ombe wawili wa maziwa na shamba la viazi. Msimu wa baridi uliopita mguu wa mama wa kushoto ulivimba ukawa mgumu kama gogo. Tulidhani ni baridi. Aliposhindwa kuvuta pumzi ndipo tukampeleka hospitali Nyeri mjini. Huko wakasema damu imeganda mguuni, na kipande kimepanda hadi kwenye mapafu.

Alitoka wadini akiwa mwembamba, ngozi imefifia, amebeba tembe ndogo zinazoitwa warfarin. Muuguzi alitueleza vizuri. Dawa hii huzuia damu isigande. Ikizidi, mtu anavuja damu. Ikipungua, damu inaganda tena. Kwa hivyo lazima damu ipimwe kila mara kliniki.

"Asikose kumeza," alisema. "Na chakula ale kawaida yake."

Kawaida ya mama ilikuwa viazi, githeri, kabichi na chai ya maziwa. Mboga za majani meusi hakuzipenda sana. Lakini kwetu mgonjwa akitoka hospitali haachiwi kula kawaida yake. Anakula anacholetewa. Akina mama wa kanisa walifika Jumapili hiyo hiyo na vyondo vyao vya chakula. Mwenyekiti wao alimvuta mama ukope wa chini, akaangalia ndani kama mtu anayenunua ndama.

"Huyu hana damu," akasema. "Hospitali wamemaliza yote na masindano."

"Apewe thabai," akajibu mwingine. "Mzee wangu alitoka kupasuliwa akiwa hivi hivi. Nikampea thabai hadi akaanza kunisumbua usiku."

Wakacheka, na mama akacheka pia, ingawa kicheko kilimkatia pumzi.

Thabai ni yale majani yanayowasha ukiyagusa. Ukiyachemsha yanatulia, kisha unayaponda na viazi na mahindi, unapata mukimo wa kijani kizito. Kwetu kila mtu anajua kwamba yanaongeza damu. Akina mama wakapangana zamu. Mmoja alileta thabai, mwingine managu, mwingine majani ya malenge. Siku ambayo hakuja mtu, nilifunga mifuko ya nailoni mikononi nikaenda kukata thabai mwenyewe nyuma ya zizi.

"Kijana, na unaponda mukimo hivi, utaoa ya nini?" mmoja wao aliniuliza nikiwa jikoni.

Nikatazama sufuria.

"Wachana na yeye," mwenyekiti akamwambia. "Huyu akioa, bibi yake atakuwa wa kukaa tu kama malkia."

Mashavu ya mama yalirudi. Alianza kutembea hadi kwa ng'ombe. Lakini kliniki walipompima walikuta damu yake inaganda haraka kuliko walivyotaka. Daktari alikuwa kijana, na foleni nje ilikuwa ndefu.

"Mama, unameza dawa?"

"Kila jioni."

"Hukosi hata siku moja?"

"Sikosi."

Alikuwa anasema kweli. Daktari akaongeza dozi. Safari iliyofuata akaongeza tena, na hatimaye damu ikafika pale walipotaka. Tulirudi nyumbani tumefurahi.

Leo najua kilichokuwa kinaendelea. Majani yale yana vitamini K, ambayo mwili unaitumia kugandisha damu. Tembe zilivuta kamba upande mmoja, mukimo ukavuta upande wa pili, na daktari aliongeza tembe hadi nguvu zikalingana. Hakujua kwamba kuna mtu wa pili kwenye kamba.

Siku moja tukiwa kwenye benchi la kliniki, mama aliketi karibu na mwanamke muuza nguo wa mjini ambaye mume wake alitumia tembe hizo hizo. Walizungumza kama watu waliojuana zamani, hata wakagawana mandazi. Mama akamsifia mboga zinazomjenga.

"Thabai?" yule mwanamke akashtuka. "Ai, mama! Unajimaliza. Hii dawa na mboga ya kijani haziwezi kukaa pamoja. Mzee wangu hata sukuma wiki alikatazwa."

Alisema kwa huruma, na hakuwa na ubaya wowote. Tulikuwa tumeshaonwa na daktari, tukingoja dawa tu, na mama hakutaka kurudi kumsumbua. Tulipofika nyumbani aliniita. Huniita baba, kwa kuwa nilipewa jina la baba yake.

"Baba, sitaki jani lingine katika nyumba hii."

Kuanzia jioni hiyo alikula viazi vitupu na wali mweupe. Managu yaliyoletwa na mwenyekiti aliwapa ng'ombe, na mwenyekiti akayakuta horini.

"Ati ng'ombe ndio wanakula jasho yetu?" akasema. Akina mama wakaacha kuja.

Tuliamini tumetengeneza jambo lililoharibika. Tembe zilibaki nyingi vile vile, lakini upande wa pili wa kamba hapakuwa na mtu.

Kwanza fizi zake zilitoa damu alipopiga mswaki. Kisha nikaona alama nyeusi mkononi. "Ni ile ng'ombe mchokozi ilinigonga," akasema. Tarehe ya kliniki ilikuwa bado. Asubuhi moja, akimenya viazi mlangoni, alisema kichwa kinamuuma sana. Kisu kikaanguka. Nilipomshika, mdomo wake ulikuwa umevutwa upande mmoja.

Hospitali walituambia damu imevuja ndani ya kichwa.

Mfamasia wa wadi ndiye mtu wa kwanza kuniuliza mama anakula nini nyumbani. Nilimweleza yote nikitazama sakafu. Akasema pole.

"Mboga zenyewe si sumu," akaniambia. "Angekula kiasi kile kile siku zote, sisi tungepima dawa kufuatana nacho. Shida ni kuongeza ghafla, au kuacha ghafla, bila sisi kujua."

Sasa mama analala chumba cha mbele. Upande wake wa kulia hausogei, na maneno hayatoki. Tembe zilisimamishwa. Akina mama wamerudi, lakini wanakuja mikono mitupu, hawajui walete nini. Juzi mwenyekiti alimwosha mama miguu kwa maji ya moto, kisha akanifuata jikoni.

"Kijana, niambie ukweli. Ni sisi?"

Nilisukuma kuni motoni. Akachukua ufagio akafagia jikoni yote, kisha akaenda.

Mguu wa kushoto umeanza kuvimba tena. Daktari anasema tukimrudishia dawa, kichwa kinaweza kuvuja, na tukimnyima, damu inaweza kupanda mapafuni kama mwanzo. Ametaka nyumbani tufikirie, kisha tumjibu. Nyumbani ni mimi. Mama nikimuuliza, ananitazama tu, machozi yanashuka upande mmoja.

Kama kwenu kuna mtu aliyevuja damu kisha akarudishiwa dawa hii, naomba uniandikie. Niambie kama aliishi, ulimpikia nini, na ulipimaje mboga ili leo isizidi jana. Kama hakuishi, niambie pia. Nitasoma polepole, lakini nitasoma yote.